Waulizeni Waliopigwa Vikumbo

Mei 2025 NBA ilitangaza kwamba mchezaji bora wa msimu ni Shai Gilgeous-Alexander wa Oklahoma City Thunder. Wapiga kura walikuwa 100, wote waandishi na watangazaji wa michezo. Kati yao 71 walimweka Shai wa kwanza, na 29 wakamweka Nikola Jokić wa Denver Nuggets. Hapa Muhuru Bay kura hizo hazijaisha kuhesabiwa mpaka leo. Kwa kinyozi zinahesabiwa upya. Kwenye stendi ya bodaboda zinahesabiwa upya. Ufukweni, pale omena wanapoanikwa, nimewaona vijana wakikaribia kushikana mashati kwa ajili ya Mkanada na Mserbia ambao hata mmoja hajui kwamba Ziwa Victoria lina ghuba inayoitwa Muhuru.

Wabishane, sikatai. Nami nina upande wangu na siufichi. Shai aliongoza ligi kwa wastani wa pointi 32.7, timu yake ikashinda mechi 68 na kupoteza 14. Jokić alimaliza na pointi 29.6, ribaundi 12.7 na pasi za kufungia 10.2 kwa kila mechi. Kabla yake ni wawili tu katika historia yote ya NBA waliowahi kufikisha kumi kwa wastani katika mambo hayo matatu msimu mzima, Oscar Robertson na Russell Westbrook, na wote wawili ni wapandisha mpira. Jokić ni senta, jitu linalokimbia kana kwamba linadaiwa kila hatua. Mwondoe Shai pale Oklahoma, utabaki na vijana wenye ulinzi mkali kuliko timu yoyote ya msimu ule. Mwondoe Jokić pale Denver, utabaki na jezi. Kwa hiyo kura yangu ni ya Jokić, na atakayekasirika anajua kwangu.

Ila kura yangu ina maana gani? Mimi ni mtu wa kalamu. Sijawahi kusimama chini ya kikapu Jokić akaniegemeza mgongo wake. Sijawahi kubaki nimeshika hewa Shai akiwa ameshasimama ghafla, ameruka na kufunga. Na wale 100 waliopewa kura pia hawajawahi, isipokuwa wachache waliocheza zamani kabla ya kushika vipaza sauti. Tumekaa hapa mwaka baada ya mwaka tukigombana kuhusu nani alistahili, na hatuulizi ni nani aliwapa watazamaji haki ya kuwatunuku wachezaji.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Tuzo hii ilianza msimu wa 1955/56, ikachukuliwa na Bob Pettit, na hadi mwaka 1980 waliopiga kura walikuwa wachezaji wenyewe. Walikuwa na sharti moja ambalo hata mtoto wa chekechea angelielewa: usijipigie, wala usimpigie mwenzako wa timu moja. Msimu wa 1980/81 kura ikahamia kwa vyombo vya habari, na haijarudi.

Sasa tazameni wachezaji walivyoitumia ilipokuwa mikononi mwao. Msimu wa 1961/62 Wilt Chamberlain alifunga wastani wa pointi 50.4. Someni tena: wastani, si rekodi ya usiku mmoja. Rekodi ya usiku mmoja ni kitu kingine, kwa sababu tarehe 2 Machi 1962, katika mji wa Hershey, Pennsylvania, aliwafunga New York Knicks pointi 100 peke yake. Msimu huohuo Robertson naye akamaliza na pointi 30.8, ribaundi 12.5 na pasi za kufungia 11.4. Leo hii mmoja wa hao angepewa tuzo kabla ya Krismasi. Wachezaji walimpa Bill Russell wa Boston Celtics, mtu ambaye wastani wake wa pointi haukufika hata 20.

Waandishi wa enzi ile nao walikuwa na kura yao, ya kuchagua vikosi bora vya msimu. Wakamweka Chamberlain kikosi cha kwanza na Russell wakamsukumia cha pili. Yaani mtu aliyeonekana bora kuliko wote na waliocheza dhidi yake hakutosha kuingia watano wa kwanza wa waliomtazama. Wala haikuwa ajali ya mwaka mmoja. Mwaka 1958 Russell alikuwa mchezaji bora kwa kura za wachezaji na kikosi cha pili kwa kura za waandishi. Mwaka 1961 ikawa hivyohivyo. Mwaka 1962 tena. Kambi mbili zilitazama uwanja mmoja na kuona watu wawili tofauti, na historia imeshatoa hukumu: Boston ya Russell ilitwaa ubingwa mara 11 katika misimu yake 13.

Kwa nini wachezaji waliona? Kwa sababu walikuwa wamepanda angani na mpira mara nyingi, wakakutana na mkono wa Russell, wakarudi chini bila mpira. Na karatasi ya takwimu ya siku zile haikuwa hata na safu ya kuandikia jambo hilo, maana NBA ilianza kurekodi rasmi mipira iliyozuiwa msimu wa 1973/74, Russell akiwa ameshastaafu. Kilichomfanya awe tishio kilikuwa hakiandikwi popote ila kwenye kumbukumbu za miili ya wapinzani wake. Hapa kwetu, ukitaka kumjua nahodha wa kweli, humwendei mnunuzi anayengoja ufukweni na karai lake asubuhi. Humo ndani ya karai ataona samaki tu. Unamwendea aliyepiga kasia pamoja naye usiku ziwa lilipochafuka.

Kuna mfano wa 1976 ambao mashabiki wa leo wakiusikia hudhani unawatania. Kareem Abdul-Jabbar alikuwa amehamia Los Angeles Lakers, timu ikashinda mechi 40 na kupoteza 42. Haikuingia hata kwenye mtoano. Wachezaji wakampa Kareem tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima! Thubutu leo kumtaja mtu wa timu iliyopoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda uone utakavyochekwa. Lakini waliomlinda Kareem walijua walichokutana nacho, na hawakuwa na haja ya kutazama jedwali la ligi ili walikumbuke. Tuzo zake zote sita, kuanzia 1971 hadi 1980, alipewa na wapinzani. Mwaka 1969 wapinzani haohao walimpa Wes Unseld, kijana wa msimu wake wa kwanza, mfungaji wa pointi 13.8 tu, kwa sababu kila aliyewania ribaundi naye alitoka pale na michubuko.

Jiulizeni Dikembe Mutombo angepata nini chini ya macho ya namna hiyo. Mzaliwa wa Kinshasa, bingwa wa kuzuia mipira, mlinzi bora wa ligi mara nne, mwenye mipira 3,289 aliyoizuia, akizidiwa katika historia na Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake. Mei 1994 aliiongoza Denver, timu ya nane upande wa Magharibi, kuwaondoa Seattle waliokuwa wa kwanza, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika NBA, kisha akalala chini sakafuni amekumbatia mpira huku akicheka. Alipofariki tarehe 30 Septemba 2024, wachezaji wa zamani walijitokeza mmoja baada ya mwingine kusimulia jinsi kile kidole chake cha kukataza kilivyowasumbua. Tuzo ya mchezaji bora hakuipata hata mara moja. Sisemi lazima angeipata. Nasema hukumu yake ilitolewa na watu ambao kidole kile hakikuwahi kutikiswa mbele ya pua zao.

Enzi za waandishi zimetupa nini badala yake? Zimetupa uchovu wa waandishi. Mwaka 1997 Michael Jordan aliiongoza Chicago kushinda mechi 69, wakampa Karl Malone kwa kuwa Jordan alishakuwa habari ya kawaida. Fainali zikaja, Jordan akamfunga Malone huyohuyo nne kwa mbili. Mwaka 2023 Jokić alikuwa ameshatwaa tuzo mara mbili mfululizo, na ya tatu ingemweka kwenye benchi moja na Russell, Chamberlain na Larry Bird. Kalamu zikasita. Joel Embiid akapata kura 73 za kwanza, Jokić 15. Nakiri nilifurahi, maana Embiid ni mtoto wa Yaoundé, Mwafrika wa pili kuichukua baada ya Olajuwon wa 1994. Furaha yangu, hata hivyo, si hoja. Wiki chache baadaye Jokić aliipa Denver ubingwa wake wa kwanza, na waliokuwa wamesema ameshiba tuzo wakaanza kuandika makala za kumsifu.

Na msidhani wachezaji huona kama waandishi. Mwaka 2015 chama cha wachezaji wa NBA kiliamua kutoa tuzo zake chenyewe. Waandishi walikuwa wamemchagua Stephen Curry. Wachezaji wakamchagua James Harden. Curry alikuwa na Klay Thompson kulia na Draymond Green kushoto, timu ya ushindi wa mechi 67. Harden aliikokota Houston hadi ushindi 56 huku Dwight Howard akicheza mechi 41 pekee. Mnaweza kusema wachezaji walikosea. Semeni. Mimi nawauliza: mnaujua usiku wa kumlinda Harden kuliko waliokesha nao?

Hapa nawakumbusha jambo la jirani zetu, maana Tanzania ukisimama kwenye vilima vyetu unaiona. Mwaka 2009, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliteuliwa wa pili na Memphis, mbele ya Harden wa tatu na Curry wa saba. Sisemi kumkebehi. Ni ndugu yetu, Mtanzania wa kwanza kufika huko, na heshima yake haiguswi. Lakini mapema mwaka huohuo, bado wakiwa vyuoni, Thabeet alikutana na DeJuan Blair, mfupi kwake kwa mbali na mfupi kwa vipimo vya senta, na Blair akambeba begani akambwaga sakafuni mbele ya Marekani nzima. Waliokuwa na tepu ya kupimia urefu walimteua Thabeet wa pili na Blair wa 37. Uwanja ulikuwa umeshasema neno lake.

Kuna pesa pia, na hapa hasira yangu haina breki. Kwa mujibu wa mikataba ya sasa ya NBA, tuzo ya mchezaji bora au nafasi kwenye vikosi bora vya msimu humfungulia mchezaji mlango wa mshahara mkubwa zaidi. Mwaka 2021 Jayson Tatum wa Boston alikosa kikosi bora na mkataba wake ukapungua kwa takriban dola milioni 32. Nani aliamua? Waandishi. Mtu anayekunyima mahojiano leo kesho unampangia mshahara, na mtu unayeishi kwa kuandika habari zake unamshikia mfuko. Hata New York Times huwakataza waandishi wake kupiga kura za tuzo kama hizi, kwa sababu anayeandika habari hapaswi kuitengeneza. Gazeti lenyewe limeona aibu. Ligi haijaona.

Nimeshasikia majibu. Kwanza, kwamba wachezaji wana vijiba vya roho. Kweli, wanavyo. Nani hana? Mwandishi aliyetukanwa chumbani baada ya mechi ameenda nyumbani kuswali? Pili, kwamba timu sasa ni 30 na mchezaji wa Magharibi hukutana na timu ya Mashariki mara mbili tu kwa msimu. Hoja hii ina uzito, naipa haki yake. Lakini kukutana na Giannis Antetokounmpo mara mbili kifua kwa kifua kunafundisha mengi kuliko kumwona mara 80 kwenye runinga, na siku hizi kila timu humchambua mpinzani kwa video mpaka ijue anatangulia na mguu gani.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Tangu 2017 wachezaji wamepewa robo ya kura za kuchagua watakaoanza kwenye mechi ya nyota, na baadhi yao wameifanyia mzaha: wamejipigia, wamewapigia marafiki wasiotoka benchi. Aibu kwao, tena aibu kubwa. Lakini kura ile hairudi na jina la aliyeipiga. Kura za waandishi huanikwa hadharani baada ya msimu, kila mtu na karatasi yake, na ndiyo maana mwandishi hathubutu kumpigia shemeji yake. Mwekeni mchezaji jina lake chini ya karatasi, ajue kwamba kesho ataulizwa na wenzake kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Tuone nani atacheza nayo.

Wenzangu wa hapa Nyanza watasema haya ni mambo ya Marekani, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Tumeiga ugonjwa bila hata kuiga mishahara. Nendeni kwenye mashindano yoyote ya mtaani, kuanzia huku Nyatike hadi Homa Bay, mtazame kombe la mchezaji bora linavyotolewa. Mgeni rasmi anafika robo ya mwisho, msafara wa magari umetimua vumbi mpaka kwenye vyungu vya akina mama wanaouza chai, anakalishwa chini ya hema, anakunywa maji ya chupa. Dakika zilizobaki kijana fulani anafunga vikapu viwili mbele ya macho yake. Basi, huyo ndiye bora. Yule aliyemzuia senta wa wageni siku tatu mfululizo, mgongo umelowa damu kwa kucha za watu, anapiga makofi na umati. Na hili ni eneo lenye Agoro Sare pale Oyugis, shule ambayo jina lake kwenye kikapu cha sekondari linajulikana nchi nzima. Tunao vijana wanaojua mchezo. Hatuwaulizi.

Kalamu pia ndiyo huamua tumjue nani. Kijana wa Muhuru Bay anaweza kukukariria ribaundi za Jokić za mwezi Februari, ilhali mechi zenyewe huchezwa usiku wa manane mpaka alfajiri, wakati taa za wavuvi wa omena zimetapakaa ziwani na bando la simu limeisha. Mtaje mbele yake Nuni Omot, atakutazama. Omot alizaliwa hapa Kenya, katika kambi ya wakimbizi, wazazi wake wakiwa wamekimbia Ethiopia, kisha akakulia Minnesota. Mwaka 2023 Al Ahly ya Misri ilitwaa ubingwa wa BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, na mchezaji bora wa ligi nzima akawa yeye. Mtu aliyezaliwa kwenye ardhi yetu amekuwa mchezaji bora wa bara, na kwa kinyozi hakuna aliyewahi kumshika mtu shati kwa ajili yake. Katika Olimpiki ya Paris 2024, akiichezea Sudan Kusini, alifunga pointi 24 dhidi ya Marekani ya LeBron James na Curry. Marekani walishinda 103 kwa 86. Waulizeni waliopewa kazi ya kumlinda usiku ule kama wanahitaji makala ya mtu yeyote kuwaambia huyo ni nani.

Waulizeni Waangola pia. Februari 2021, mjini Yaoundé, Tylor Okari Ongwae alifunga kikapu cha mwisho kabisa, Kenya ikaifunga Angola 74 kwa 73, Angola iliyokuwa imeshatwaa ubingwa wa Afrika mara 11, na Morans, timu yetu ya taifa, wakarudi kwenye mashindano ya Afrika baada ya miaka 28. Mlinzi wa Angola aliyekuwa amenyoosha mkono mbele yake ana ushahidi ambao hakuna ripota wa Nairobi anayeweza kuuandika.

Sasa basi, shirikisho letu la kikapu lianze msimu ujao, wala lisingoje Marekani. Mwaka 2025 Nairobi City Thunder walikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, ligi yetu inatazamwa sasa kuliko zamani, na hili halihitaji mfadhili wala kamati ya kwenda kujifunza ng'ambo. Kila mchezaji wa ligi kuu, wanaume kwa wanawake, apewe karatasi moja. Aandike majina matatu, hata moja lisitoke kwenye timu yake. Atie sahihi. Karatasi zifunguliwe pale ukumbi wa Nyayo siku ya fainali, zisomwe moja moja kwa sauti, jina la mpiga kura kwanza, tunyamaze sisi waandishi tuandike tunachosikia. Shule zifanye hivyohivyo kuanzia ngazi ya kaunti. Na mgeni rasmi akaribishwe kwa heshima zote, apewe kiti cha mbele, soda baridi, na kijikaratasi chenye jina la mshindi alisome kama lilivyoandikwa.